Tamu Kabla ya Kutafuna

Kazi ya wifi inajulikana: ni kusema. Mke wa ndugu yako akichelewa kuamka, unasema. Akiwahi kuamka, unasema pia, anajifanya nani. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi bila likizo, na mke wa mdogo wangu hajawahi kulalamika, maana naye hunirudishia palepale, tena na nyongeza. Ndivyo tunavyopendana. Kwa hiyo nikisema kwamba uliingia wakati ambapo mimi, mwenye mdomo huu, nilimwogopa yule mwanamke, mjue mambo yalikuwa yameharibika.

Yeye huoka keki. Jiko lake ni gereji iliyo nyuma ya nyumba yao: oveni mbili, meza ndefu ya bati, feni ya darini inayonung'unika, na rafu ya sufuria za kuokea zilizopangwa kwa ukubwa, chini zile pana kama ungo, juu zile ndogo kama kikombe. Mimi ndiye dereva. Nina kigari chenye mlango wa nyuma, na matuta ya mji huu nayajua kwa tabia zake: lipo la heshima linalojionyesha tangu mbali, na lipo la kichochoroni linalokuvizia kama paka. Keki ya ghorofa tatu ikivuka tuta la aina ya pili, hapo ndipo utajua kama dereva ana dini au hana.

Mume wake ndiye huyo mdogo wangu. Ni mwalimu wa michezo, na siku za mapumziko huchezesha mechi za ligi ya mtaa, ndiyo maana kila mtu humwita Refa, hata mama yetu akikasirika. Uwanjani hana mchezo. Nimemwona akimtoa nje nahodha mrefu kama mlango, huku mashabiki wakimwita majina ambayo mama hakumpa. Nyumbani ni mtu wa "sawa, mke wangu" na "kama unavyoona, mke wangu". Mama naye anaishi nao, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, ili asipitwe na kitu.

Sasa kuna jambo moja la kazi ile mnapaswa kulijua. Keki ikiiva huvimba katikati, juu pakawa na kilima. Huwezi kupandisha keki nyingine juu ya kilima, itateleza. Basi ikishapoa, kile kilima hukatwa kwa kisu kirefu ili keki iwe bapa, na kile kilichokatwa sisi tunakiita kofia. Kofia haiuzwi. Huletwa sebuleni na chai ya alasiri, na tangu mwanzo wa biashara kulikuwa na sheria kwamba fundi mwenyewe anakula wa kwanza. Anafumba macho, anatafuna, anasema, "Siagi imezidi," au, "Kwa hii naolewa tena," ndipo sisi tunaruhusiwa kunyoosha mikono. Keki haikupakwa krimu mpaka kofia yake iwe imepita kinywani mwake.

Ulimi ulikuwa mzuri. Kichwa ndicho kilichokuwa na milango mingi, na yote wazi. Aliweza kutafuta mwiko huku ameushika. Aliweza kuwasha oveni, akatoka kuanua nguo, akakutana na jirani, akakumbuka habari za shangazi yake, na keki ikaja kukumbukwa na mtaa mzima kwa moshi. Keki zake zilikuwa tamu, zilichelewa, na zilipinda kidogo upande wa kushoto, sijui kwa nini kushoto. Akaenda kwa daktari. Daktari akampima kwa utulivu, akamwambia kwamba hali hiyo inajulikana, ina jina lake, wala si uzembe, akamwandikia vidonge vya kumsaidia kuweka akili mahali pamoja: kimoja kila asubuhi.

Nami sitaki mtu aje kuniambia kwamba dawa ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri. Siku za mwanzo nilimsikia wifi yangu akianza habari na kuimaliza, jambo ambalo lilinifanya nitafute kiti. Keki zilitoka kwa wakati. Refa alifurahi, mama akafurahi, na mimi nikakosa la kusema, nikateseka kidogo. Tatizo lilianza msimu wa harusi, kazi zilipokuja kwa mkupuo. Alifikiri kama kimoja kinasaidia, viwili vitasaidia mara mbili. Kidonge cha asubuhi kikapata mwenzake wa mchana, kisha wa jioni. Vikawa vinaisha kabla ya wakati wake, naye akatafuta daktari wa pili, ng'ambo ya mji, asiyejua habari za yule wa kwanza. Hayo hatukuyajua wakati huo. Tulichokiona sisi ni kwamba amekuwa mashine.

Na ndivyo wateja walivyomwita, Mashine, kwa kumsifu. Alitengeneza mawaridi ya sukari kutwa nzima bila kuketi. Keki moja ya siku ya kuzaliwa ilijaa maua mpaka mwenye siku yake aliizunguka meza na kisu mkononi akitafuta pa kukatia. Akimaliza keki hakupumzika. Alipiga pasi aproni, na aproni zilipokwisha akapiga pasi matambara ya kufutia meza. Siku moja nilimkuta amechuchumaa anasugua magurudumu ya kigari changu kwa mswaki.

"Wifi," nikamwambia, "hayo yanaenda barabarani."

"Ndiyo maana," akajibu bila kuinua kichwa.

Tulicheka siku ile. Nilimhadithia mchumba wangu, naye akacheka. Ndiyo, nina mchumba, au tuseme nilikuwa naye wakati huo, nitafika huko.

Lakini nguo zilianza kumpwaya. Alisaga meno hata akiwa kimya. Ukimkumbatia, ulisikia moyo wake ukienda mbio kana kwamba amepanda ngazi, na alikuwa amesimama tu. Usiku alizunguka, asubuhi macho mekundu, na ukimuuliza kama amelala anakuuliza wewe umelalaje. Na kofia aliacha kula. Aliileta sahani, akaiweka mezani, akasimama amefunga mikono kifuani.

"Kuleni nyinyi mniambie," alisema. "Mimi sina hamu sasa hivi. Ikoje?"

Mama ndiye aliyejaribu kusema kweli. "Imekauka kidogo, mwanangu," alisema siku moja, kwa upole kabisa, kama mtu anayekwambia kifungo kimekatika. Wifi aliichukua sahani mikononi mwa mama, akarudi gerejini, akaitupa keki nzima kwenye pipa. Akaoka nyingine, akaitupa. Akaoka tena, huku akilia na kusema peke yake kwamba hakuna anayejua anavyochoka, kwamba ipo siku ataacha kila kitu tuone tutakula nini. Mama hakugusa chakula cha jioni. Tangu hapo sahani ikifika mezani sote tulisema "tamu". Refa alifikia hatua ya kusema "tamu" kabla ya kutafuna. Mpira umegusa mkono wa mtu upande wa pili wa uwanja, yeye anaona. Kofia imo kinywani mwake mwenyewe, haoni.

Ikaja sherehe ya mwalimu mkuu wa shule anayofundisha Refa. Mama yule alikuwa anastaafu, na walimu wakaagiza keki ya ghorofa tatu. Siku ile keki ilipokatwa kofia mimi sikuwepo. Nilikuwa kwa fundi nabadilisha matairi, kwa hiyo mikono yangu ni safi. Niliikuta keki imeshavikwa, nyeupe, imenyooka, na mawaridi yakishuka upande mmoja, nikaipakia, nikayabembeleza matuta yote njia nzima, nikaifikisha ukumbini salama. Na kwa kuwa nilialikwa, nikabaki.

Mwalimu mkuu ni mtu wa adabu ndefu. Alikata kipande, akakila, akaendelea kutafuna taratibu kama anayesoma maandishi madogo.

"Nzuri," akasema mwishoni. "Nje ni keki, ndani ni mkate. Ni ubunifu."

Kulikuwa na mzee mmoja wa kamati ya wazazi, mgonjwa wa kisukari, ambaye nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kufikiriwa katika sherehe yoyote. Alikwangua krimu akaiweka pembeni, akala vipande viwili, akaomba cha tatu, kisha akaja kunishukuru kwa mikono miwili. Hapo ndipo nami nikaonja. Sukari haikuwa imepungua. Haikuwemo kabisa. Krimu ilikuwa tamu juu, na chini yake unga, mayai na siagi vilikuwa vimekaa pamoja kama watu wasiojuana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema, na wetu alisifiwa mpaka akasahau sukari.

Nikamtafuta Refa. Alikuwa nyuma ya nguzo na sahani yake, anatafuna na uso wa mtu ambaye habari hii ameshaisikia.

"Kofia ya keki hii mlikula?" nikamuuliza.

"Tulikula, dada."

"Mkasemaje?"

"Tukasema tamu."

"Na mama?"

Akatazama chini. "Mama alisema tamu sana."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kiasi kwamba tuta la kichochoroni nililipita bila kulisalimia. Refa na mama nikawaita gerejini, na pale mbele ya oveni nikamwambia wifi yangu, bila kuzunguka, kwamba keki ya mwalimu mkuu haikuwa na sukari.

"Haiwezekani," akasema.

"Kofia imebaki?"

Ilikuwepo, nusu, ndani ya kopo. Akachukua kipande akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu. Hakuweza kukimeza, ikabidi anywe maji. Akatutazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi macho yake yalitulia mahali pamoja.

"Sisikii ladha," akasema. "Sisikii chochote. Kinywa kimekuwa kama karatasi." Kisha akamgeukia mama. "Lakini nyinyi mlikula. Mama, wewe ulisema tamu sana."

"Nilikuogopa, mwanangu," mama akasema.

Duniani kote mke ndiye humwogopa mama mkwe, na nyumba yetu ilikuwa imegeuka juu chini bila sisi kuona. Wifi aliketi juu ya gunia la unga. Akatia mkono mfuko wa aproni akatoa chupa mbili za vidonge, kila moja na jina la daktari wake, akazishika mapajani, akatueleza yote niliyokwisha kuwaambieni: viwili, vitatu, daktari wa pili, na vile ambavyo akijaribu kurudi kwenye kimoja mwili unakataa kuinuka. Hakulia. Alieleza kwa kasi, kama anayetaka kumaliza kabla hajabadilisha mawazo. Mama alimwekea mkono begani, na mimi, nakiri, sikupata hata neno moja la uwifi.

Alisema ataacha mwenyewe. Tukamwamini, maana tulitaka kumwamini. Alilala kutwa, akaamka na njaa ya ajabu, akala mkate mzima akiwa amesimama mezani, kisha akaanza kulia kwa sababu pazia limekaa vibaya. Akasema dunia yote imekuwa majivu, na kwamba hata sisi tukizungumza anatuona kama watu walio ng'ambo ya kioo. Kabla wiki haijaisha simu ya mteja ikalia, naye akarudi kwenye chupa. Refa akamshika mkono wakaenda kwa yule daktari wa kwanza wakamwambia kila kitu. Daktari hakufoka. Alisema kuacha vidonge hivyo ni vyema kufanyike chini ya uangalizi, kwa sababu ya moyo, na kwa sababu ya ile huzuni inayokuja dawa ikiondoka, ambayo imewahi kumfikisha mtu pabaya akiwa peke yake. Alitaja kituo kimoja chenye vitanda, watu hulazwa humo mwili ukapumzika na dawa ikatoka.

"Nitaenda," wifi akasema. "Baada ya harusi."

Harusi yenyewe ilikuwa yangu. Nimefika umri ambao watu walishaacha kuniuliza, hata mashangazi walichoka, ndipo akatokea fundi wa lifti, mjane, mpole, mwenye mikono ya grisi na moyo usio nayo. Tangu tulipotangaza uchumba, wifi yangu aliapa kwamba keki yangu itasemwa mjini mpaka nitakapozeeka, na ningekuwa nazeeka karibuni. Alishaichora: ghorofa tano, na juu kabisa kigari changu cha sukari chenye mlango wa nyuma unaofunguka. Sasa ilikuwa bado wiki chache, na alikuwa anasema bila vidonge hawezi hata kupanda kigoda, seuze kuchonga kigari cha sukari.

Tulibishana kila tulipokutana. Nilimwambia keki si lazima. Akaniambia mimi ndiye nisiyekuwa lazima. Mama alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, naye akajibu kwamba hafichi, anaahirisha. Mchumba wangu, ambaye huongea kama analipia kila neno, alisikiliza yote hayo akinywa chai, akasema, "Lifti ikianza kutoa mlio ule, tunaisimamisha palepale. Hata kama bosi yumo ndani." Akarudi kwenye kikombe chake. Wifi akamtazama sana. Kesho yake akakubali kwenda kukiona kituo, kuona tu. Kuangalia si kununua, alisema. Tukaenda naye mimi, Refa na mama.

Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye geti la kijani na shuka zimeanikwa uani. Watu wawili walikuwa wanacheza drafti kwenye benchi, mmoja akilalamika kwamba mwenzake ameiba. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kukaribisha, na alikuwa anatafuta miwani yake juu ya meza, chini ya meza, na ndani ya droo.

"Iko kichwani, dada," wifi yangu akamwambia.

"Ahsante. Inanitokea kila siku."

Nilimwona wifi akilegeza mabega. Nadhani alikuwa ametarajia watu wasiopoteza kitu. Muuguzi alimpima mapigo ya moyo, akayapima tena, akaandika bila kusema. Kisha akamweleza jinsi mambo yatakavyokwenda, wazi, kama anayemweleza mtu safari: kwanza atalala sana, atakula sana, atasikia uzito na huzuni, na wao watakuwepo mchana na usiku kumtazama moyo, usingizi na mawazo yake. Hakuna atakayemfokea. Hakuna sindano ya miujiza. Baada ya hapo kutakuwa na mazungumzo marefu, na yeye ndiye atakayeongea zaidi.

"Hilo analiweza," nikasema. Refa akanikanyaga mguu.

"Nikiacha," wifi akauliza, "nitarudi kuwa yule wa kuunguza kila kitu?"

Muuguzi akaweka kalamu mezani. "Mwanzoni inawezekana. Ile shida yako ya kwanza ni ya kweli, haikuwa uongo, na daktari wetu ataipima upya mwili ukishatulia. Zipo njia nyingine na zipo dawa nyingine. Hatukuachi na shida yako mkononi."

"Na nikisubiri mpaka baada ya harusi ya huyu?"

"Mlango hautafungwa," muuguzi akasema. "Lakini siwezi kukudanganya kwamba kusubiri ni salama. Moyo wako nimeusikia sasa hivi."

Wifi akavuta uzi wa kishikio cha mkoba wake. Muuguzi akamgeukia mdogo wangu. "Na baba, wewe unasemaje?"

Nilijua atakachosema. Atasema, "Kama mke wangu anavyoona." Lakini Refa alisimama, sijui kwa nini alisimama, chumba chenyewe kilikuwa kidogo na goti lake likagonga meza.

"Keki zako si tamu, mke wangu," akasema. "Za miezi hii yote. Hazina kitu ndani. Nimekuwa nikikudanganya kila alasiri, na kila nikisema tamu nilikuwa nakuona unapungua. Nilikuogopa ukikasirika. Sasa naogopa zaidi kukuzika."

Sijawahi kumpenda mdogo wangu kama dakika ile, na nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Wifi alimtazama mdomo wazi. Nikajiandaa, nikafikiri ataondoka, au ataligeuza lile jengo na shuka zake. Badala yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akacheka mpaka muuguzi naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Miezi yote hiyo," akasema, akijifuta uso kwa kiganja, "filimbi ilikuwa wapi, Refa?"

"Mfukoni," akajibu.

Kisha wifi akanigeukia mimi, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliona kwamba sasa kweli anauliza, na kwamba nikitikisika kidogo tu atapata pa kushika. "Na wewe je, wifi? Harusi yako?"

Nami nilitaka ile keki. Semeni mnalotaka, mwanamke anayeolewa akiwa na mvi anataka keki yake ya ghorofa tano. Lakini nilimtazama yule mtu aliyesugua magurudumu yangu kwa mswaki, shingo imekuwa nyembamba kama ya ndege, nikasema jambo baya kuliko yote niliyowahi kumwambia.

"Nitaagiza kwa yule wa karibu na soko."

"Yule wa krimu ya kopo?"

"Huyohuyo. Ghorofa mbili. Na ua la plastiki juu."

Alijua ninachofanya, na alijua kwamba sitanii. "Basi niandikisheni leo," akasema. "Afadhali nilazwe nisiione."

Akatoa zile chupa mbili akampa muuguzi. Muuguzi alipozipokea, vidole vya wifi yangu vilikuwa bado vimezishika, na hakuna aliyemvuta mwenzake. Walibaki hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka vile vidole vikafunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Mama akaanza kupanga kwa sauti nguo gani atamletea, na soksi, maana sakafu ile ilikuwa na baridi.

Sitawaambia ilikuwa rahisi. Tulipoenda kumwona mara ya kwanza alikuwa amelala na hatukumwamsha. Mara ya pili mama alimuuliza anaendeleaje, naye akasema, "Vibaya, mama. Leo ni vibaya." Zamani angesema salama na sisi tungesema tamu. Mama akamwambia, "Basi lia, nipo," akalia, na alipomaliza kulia akala chakula chake, kisha akala changu. Mara nyingine alitukasirikia akakataa kutoka chumbani. Mara nyingine alisimulia jinsi alivyomshinda yule mwizi wa drafti. Wateja walipiga simu wakimuuliza Mashine, mimi nikawajibu kwamba Mashine haipo, yupo mtu, na mtu huyo anaumwa, wasubiri. Wengi walisubiri. Wachache walienda kwa wa krimu ya kopo, na Mungu awasaidie.

Siku ya harusi daktari wa kituo alimpa ruhusa ya mchana mmoja, arudishwe kabla ya giza. Alikuja na gauni la buluu ambalo mama alilipunguza kiunoni, akakaa meza ya mbele kati ya mama na Refa. Keki ilikuwa ileile ya karibu na soko, ua la plastiki na yote. Aliitazama, akaugeuza uso, akasema amesamehe. Alinikumbatia kwa muda mrefu, na safari hii moyo wake ulikuwa unapiga taratibu, kama wa mtu yeyote.

Zikaanza hotuba. Baba mkwe wangu alikuwa na karatasi nne. Alikuwa bado kwenye ya kwanza, habari za babu yake, nilipomwona wifi yangu akiinamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena, mpaka kikatua begani kwa Refa na hakikuinuka. Alilala fofofo, mdomo wazi, mbele ya ukumbi mzima. Minong'ono ikapita mezani. Mama mmoja nyuma akauliza kama huyo si Mashine, na amekunywa nini. Mama yangu akageuka kwenye kiti chake.

"Mkwe wangu amelala," akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Alikuwa hajalala muda mrefu. Punguzeni sauti."

Mshereheshaji akanitazama mimi bibi harusi, nikamwitikia kwa kichwa. Muziki ukashushwa. Baba mkwe alizisoma karatasi tatu zilizobaki kwa kunong'ona, na watu mia mbili wakasogeza viti mbele ili wasikie, na kwa kuwa walisikiliza kweli, walicheka mahali pa kuchekea na kulia mahali pa kulilia, kwa sauti ya chini. Mzee alisema baadaye hajawahi kusikilizwa hivyo maishani.

Ulipofika wakati wa picha ya familia, sote tukaenda kupanga mstari nyuma ya kiti chake, maana Refa hakuweza kusimama, bega lilikuwa lina mtu. Mpiga picha akashusha kamera. Aliuliza kama amwamshe shemeji ili picha ipendeze, na sote kwa pamoja, bila kutazamana, tukasema hapana.